Kugawa hela kwenye mafungu yenye majina: kwa sisi tunaolipwa na giza la mwezi

#1 Mama Dagaa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi tusio na tarehe ya mshahara. Mwenye ajira anakaribishwa, ila hesabu zake zitakuwa tofauti na za hapa.

Ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp unasema ugawe kipato chako: asilimia 50 mahitaji, 30 starehe, 20 akiba. Sawa. Sasa njoo Kibirizi, huku kwetu Kigoma, useme hivyo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo lazima kuwe na giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inalala ufukweni, na mimi ninayenunua wabichi nikaanika na kuuza kwa gunia nalala nayo. Siku za giza simu haitulii, hela inaingia laki kwa laki. Siku za mbalamwezi unatafuta hata buku ya mboga. Halafu kuna ziwa lenyewe kufungwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na majirani tunaotumia nao maji haya. Miezi mitatu. Utakata asilimia 20 ya nini hapo?

Hoja yangu ni hii. Fungu likiitwa "akiba" tu, kila shida inalidai, na kila shida inakuja na sababu ya kweli. Shemeji anaumwa, kweli. Kuna harusi, kweli. Gesi imeisha, kweli. Mwisho wa siku hakuna aliyekuibia na hela haipo. Lakini fungu likiitwa "Kodi ya nyumba, Julai", ukitaka kuligusa unamwona mwenye nyumba amesimama mlangoni. Unaliacha.

Kabla ya kugawa kuna jambo wengi wanaliruka: mtaji si hela ya nyumbani. Mzigo ukiuzwa, kwanza narudisha hela ya kununulia dagaa wabichi, ya vibarua wa kuanika, magunia, ushuru na usafiri. Hiyo inakaa peke yake na jina lake ni Mtaji, hata nyumbani kukiwa na kilio. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa.

Niweke namba tusiongee hewani. Tuseme giza moja limeacha faida ya Sh 420,000. Matumizi ya nyumbani wakati wa giza lenyewe, yaani chakula, maji, umeme na sabuni, yanachukua 150,000. Fungu la Mbalamwezi 80,000, chakula cha siku ambazo hakuna kinachoingia. Kodi ya Nyumba 54,000. Ziwa Kufungwa 70,000. Januari 25,000, maana ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016 lakini sare, viatu, madaftari na mabegi hayakufutwa. Homa 20,000. Michango ya harusi na misiba 11,000. Bati 10,000, kuna kakiwanja kako Gungu na siku moja kataezekwa. Jumlisheni, ni laki nne na ishirini kamili.

Mtauliza kwa nini kodi ni 54,000 wakati chumba na sebule nimeweka 40,000 kwa mwezi. Kwa sababu mwenye nyumba anahesabu miezi kumi na miwili na ziwa linaweza kunipa tisa. Kodi ya mwaka ni 480,000. Ukiigawa kwa 12 halafu ziwa likafungwa, utakuwa pungufu kwa miezi mitatu. Ukiigawa kwa 9 unapata 53,300 na ushee, nakamilisha 54,000. Kila kitu cha mwaka mzima kinagawanywa kwa miezi ya kuvua. Hata hiyo Ziwa Kufungwa: 70,000 mara 9 ni 630,000, ukiitandaza kwenye miezi mitatu ni 210,000 kwa mwezi. Matumizi yangu ya kawaida, giza na mbalamwezi kwa pamoja, ni 230,000. Pengo la 20,000 linavumilika, tutapunguza nyama. Na ziwa lisipofungwa mwaka huo, hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hela imebaki.

Zinakaa wapi? Hapa ndipo wengi wanafeli, wanagawa kwenye karatasi halafu hela yote iko kwenye laini moja. Mimi nagawa kulingana na muda. Linalotumika mwezi huuhuu linakaa nyumbani kwenye sanduku la bati. La miezi michache linakaa kwenye laini ya mtandao mwingine, na laini hiyo haikai ndani ya simu, iko kwenye kopo la sindano na nyuzi. La mbali, yaani Bati na Ziwa Kufungwa, linakwenda benki, ambako mpaka upange foleni hasira ya kununua kitenge inakuwa imeshapoa.

Ndani ya sanduku kuna vifuko nilivyoshona kwa mabaki ya vitenge. Kila fungu na kitambaa chake, Mbalamwezi ni ya samaki wa bluu, Homa nyekundu tupu. Umeme ukikatika mkono unajua umeshika nini, na mtoto nikimtuma "niletee buku mbili kwenye samaki" haleti kwenye nyekundu. Kila kifuko kina kikaratasi ndani: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Naomba kuwasilisha. Wenye njia zao leteni.

#2 Migebuka Mikavu

Mama, hela ya kugawa mafungu manane iko wapi kwanza? Mimi ya kwangu ikifika inakuwa imeshagawanywa na wadai.

#3 Mama Dagaa Kibirizi

Mwanangu, kama ndivyo basi una fungu moja tu kwa sasa nalo linaitwa Deni. Lipe jina la anayedai na kiasi. "Mangi wa duka la kona, 18,500." Hilo likiisha ndio uje kwenye mafungu mengine.

#4 Wakala Mwanga

Uzi mzuri. Nina kibanda cha miamala pale Mwanga, nimeona mengi, nichangie upande wa makato maana mama hakuugusa.

Watu wakisikia "mafungu" wanaanza kuhamisha buku mbili mbili kila jioni kutoka laini hii kwenda ile. Makato ya mitandao yanakwenda kwa madaraja. Ukituma 2,000 mara kumi hulipi sawa na aliyetuma 20,000 mara moja, unalipa zaidi, halafu siku ya kutoa unakatwa tena. Kusanya kwenye kifuko nyumbani, giza likiisha njoo uweke kwa mkupuo. Kuweka hakukatwi. Na ukiweza kulipa mwenye duka moja kwa moja kwa lipa namba, usitoe kwanza ndipo ulipe. Mnaikumbuka tozo ya Julai 2021? Ilivyoanza watu walirudi kwenye kibubu kwa wiki moja. Imeshapunguzwa na kuondolewa sehemu kubwa, lakini somo la kuhesabu makato libaki.

La pili, laini ya fungu isiwe na deni. Kuna huduma za kukamilishiwa muamala salio lisipotosha. Ukishazitumia, hela yoyote itakayoingia inakatwa kwanza. Mtu analeta 50,000 ya ada ya mtoto wa bweni, nikimwekea, anasoma meseji anakuta thelathini na kitu. Ananiangalia mimi.

#5 Mwalimu Kasulu

Mkuu Wakala amenifurahisha. Mimi nina mshahara lakini naomba kiti, maana jambo hili limechunguzwa na wataalamu na matokeo yake yanamuunga mkono mama kwa kiasi fulani, si kwa kila kitu.

Kuna Mmarekani Richard Thaler, alipata Nobel ya uchumi 2017. Tangu miaka ya themanini amekuwa akiandika kwamba binadamu anagawa hela kichwani kwa majina hata kama shilingi ni ileile. Kwa mchumi wa zamani huo ulikuwa ujinga, elfu kumi ni elfu kumi. Thaler akasema hapana, watu ndivyo walivyo na mara nyingine kunawasaidia kujizuia.

Wakaja Dilip Soman na Amar Cheema, matokeo yao yalichapishwa 2011. Walikwenda kwa vibarua wa ujenzi vijijini India, wanaolipwa fedha taslimu. Akiba ya kila mmoja ikawekwa kwenye bahasha zilizofungwa: wengine bahasha moja, wengine kiasi kilekile kwenye bahasha mbili. Wa bahasha mbili walibaki na zaidi, kwa sababu kuchana bahasha ya pili ni uamuzi mwingine. Na bahasha nyingine zilibandikwa picha ya watoto wa kibarua mwenyewe. Hizo nazo zilisaidia. Kwa hiyo mama na kifuko chake cha samaki wa bluu hayuko peke yake duniani.

Ila sasa sikiliza ya hapa jirani, magharibi mwa Kenya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, 2013. Watu walipewa njia tofauti za kuweka akiba ya afya. Wengine walipewa sanduku la chuma na ufunguo wao. Wengine sanduku hilohilo lakini ufunguo anakaa nao mtu wa mradi, unafunguliwa tu ukifikisha lengo. Nani alinunua vyandarua na kinga nyingine zaidi? Wenye ufunguo mkononi. Sanduku lililofungwa kabisa halikuleta tofauti ya maana, kwa sababu mtu anaogopa kutia hela mahali ambapo akipata dharura hawezi kuichomoa. Kwa hiyo kopo la sindano na nyuzi, sawa. Lakini ule ushauri wa mtaani wa "mpe mtu akufungie" tuutafakari.

#6 Kijana wa Reli

Walimu mna faida zenu aisee. Haya tuendelee.

#7 Mama Dagaa Kibirizi

Mwalimu, ahsante sana. Hapo kwenye ufunguo nakubaliana nawe kwa Homa na Mbalamwezi. Lakini Ziwa Kufungwa na Bati, hapana. Mbona kikoba tunafunga kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na hela zinaingia vizuri tu kila wiki? Siri ya kikoba ni kwamba ndani ya sanduku lilelile kuna mifuko miwili: wa hisa na mikopo, na wa jamii. Mgonjwa, msiba, kujifungua, unakwenda mfuko wa jamii na hisa haziguswi. Yaani mama zetu wanagawa mafungu kila wiki kwenye kikoba, wakirudi nyumbani wanachanganya zote kwenye pochi moja.

#8 Mwalimu Kasulu

Hapo mama umenibana. Naona tofauti ni kwamba kwenye kikoba dharura ina mlango wake, wale wa sanduku la ufunguo wa mbali hawakuwa nao. Nakubali.

#9 Mzee wa Urambo

Nawasalimu kutoka huku kwa wapanda tumbaku. Nyie wa ziwani mnalia mbalamwezi ya siku kadhaa. Sisi hela inaingia msimu mmoja kwa mwaka. Masoko yakifunguliwa chama cha msingi cha ushirika kinakata mkopo wa pembejeo kwanza, kinachobaki kinaingia benki, na mpaka soko la mwaka unaofuata hakuna kingine cha maana.

Kwa mtu wa namna hii, mafungu ya vitu hayatoshi. Ya kwangu yana majina ya miezi. Hela ikitoka nahesabu: Agosti, Septemba, Oktoba, mpaka Aprili. Kila mwezi bahasha yake, na bahasha ya Agosti ni nyembamba makusudi. Mmewahi kuona Agosti ya Urambo? Pikipiki mpya, redio kubwa, soda kreti kwa kreti, na wageni ambao tangu masika hukuwajua. Januari mtu huyohuyo anakuja kuuza shamba la mahindi likiwa bado bichi. Kwa hiyo Januari, Februari na Machi, miezi ya palizi na mabani ya kukaushia tumbaku, ndiyo yenye bahasha nene. Huo ndio wakati kibarua anataka chake kila siku na ghalani kumepungua.

Na fungu la chakula silihifadhi kwa noti. Ni magunia. Mavuno yakitoka nanunua mahindi ya kutosha kaya, kila gunia naliandika mwezi wake kwa makaa. Bei ya mahindi Februari haina huruma, noti ya Julai ikifika Februari imeshakonda. Ila angalizo: huku kwetu ndiko alikoingilia dumuzi barani Afrika, miaka ya sabini mwishoni, yule mdudu wa mahindi tuliyempa jina la Skania. Asiyeweka dawa au asiyetumia ile mifuko ya kinga njaa atafungua fungu lake la Februari akute unga.

#10 Binti Ujiji

Mzee shikamoo, na wote assalaam alaykum. Mama, kwenye orodha yako sijaona Ramadhani na Idd. Hapa Ujiji ni fungu la lazima.

Watu wengi wanalipanga kwa kalenda ya ukutani na wanakwama, maana Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ulichotenga kwa ajili ya Machi kinakukuta Februari. Lakini sisi wa dagaa tayari tunahesabu kwa mwezi wa angani. Kutoka Ramadhani hadi Ramadhani ni magiza kumi na mawili, hayapungui hayazidi. Nami natenga kwa kila giza, sina haja ya kutazama tarehe.

Na kuna hili. Mwezi ukiandama tunaanza kufunga, wiki ya pili mpaka ya tatu ndiyo mbalamwezi, hela hakuna na futari inataka tende, sukari na unga wa ngano. Idd yenyewe inaangukia kwenye giza, mitumbwi iko majini, mfukoni kuna kitu. Kwa hiyo fungu kubwa liwe la futari ya katikati, nguo za Idd zitajilipia. Wengi wanafanya kinyume, wanatunza hela ya nguo na wanakopa sukari.

#11 Mama Dagaa Kibirizi

Wallahi Binti Ujiji umenifungua. Mimi ni Mkatoliki, Krismasi yangu haihami, lakini wateja wangu nusu ni wa huko kwenu. Hii ya futari kuangukia mbalamwezi inanigusa hata kwenye kukopesha wateja.

#12 Hesabu Kali

Nitaenda kinyume na wote humu, msinichukie.

Mnaweka 54,000 ya kodi ilale kwenye kitambaa miezi sita. Wakati huohuo mama unakopa kikoba kuongeza mtaji, na kikoba kinatoza riba kwa mwezi. Yaani una hela yako umeifungia kabatini halafu unakodi ya wenzako. Shilingi haijui inaitwa Kodi au Mtaji. Giza likiwa zuri na dagaa wako bei ya chini, chukua yote, nunua mzigo, uza, rudisha. Mafungu ni ya watu wanaojiogopa.

#13 Mama Dagaa Kibirizi

Kaka, mimi najiogopa, na nina sababu. Shilingi haijui inaitwaje lakini mimi najua.

Hoja yako ya riba ni ya kweli, siipingi. Kwangu mafungu yanakopeshana, kwa maandishi. Dagaa wakishuka bei, naandika kwenye kikaratasi cha Kodi: "Mtaji amechukua 100,000, arudishe giza hili, na 5,000 juu." Ile 5,000 inabaki kwa Kodi, haitoki nje ya nyumba. Hapo nimeepuka riba ya kikoba na fungu limenenepa. Lakini Homa na Ziwa Kufungwa hazikopeshi mtu. Mvua ikikunyeshea dagaa kwenye chanja kwa siku mbili, mzigo umeoza, na mtaji uliokopa kwenye Homa umekwenda nao. Halafu mtoto anapata malaria wiki hiyohiyo. Unakimbilia wapi? Kwa wale wa kausha damu, na hao riba yao sitaki hata kuitaja.

Mwenye deni la kausha damu asitenge Bati. Alipe kwanza. Hapo niko upande wako kabisa.

#14 Hesabu Kali

Kama unaandika na unarudisha, basi tunasema kitu kimoja. Wengi hawaandiki.

#15 Shangazi wa Mwandiga

Mnazungumza kama vile ndani ya nyumba kuna mtu mmoja. Vifuko vyenye majina mezani, mume anaingia, anaona Bati ina laki na ishirini. Kesho ana safari ya ghafla kwenda kumwona mjomba. Tuambizane ukweli, wanawake humu fungu la kwanza ni lile asilolijua mtu. Bibi zetu walifunga kwenye pindo la kanga.

#16 Mzee wa Urambo

Dada yangu, na wanaume je? Mimi mama watoto ndiye anayeshika bahasha za Januari hadi Machi, kwa sababu mimi Agosti siaminiki. Tulikubaliana hivyo na nyumba ina amani.

#17 Mama Dagaa Kibirizi

Shangazi, sitakubishia, kila mtu anaijua nyumba yake. Kwetu majina ya mafungu yanajulikana na wote, kiasi cha ndani hakitangazwi. Baba watoto anajua kuna Bati, hajui imefika wapi, na yeye ana lake la nyavu ambalo mimi siliulizi. La Homa na Januari tunayajua wote hadi senti, maana mmoja akisafiri mwingine lazima aweze kufungua. Siri ikizidi, siku umelazwa watoto wanakopa na hela iko ndani ya godoro.

#18 Kijana wa Reli

Swali kwa wajuzi. Sanduku la bati, moto je? Panya je? Wezi je? Benki ikifa je?

#19 Wakala Mwanga

Nyumbani usiweke zaidi ya matumizi ya mwezi. Benki yenye leseni ikifilisika kuna Bodi ya Bima ya Amana. Tangu 2023 kinga ni hadi Sh 7,500,000 kwa mteja mmoja kwenye benki moja, zamani ilikuwa 1,500,000. Bati ya mama bado iko salama sana hapo. Moto ukiunguza sanduku hakuna bodi ya kukulipa.

Kikoba nacho, ulizeni kama kimesajiliwa halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivyo visajiliwe. Visivyosajiliwa, mweka hazina akihama mji mnabaki kuulizana.

#20 Mwalimu Kasulu

Niongezee kwenye Homa. Wengi walioshindwa kulipia CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, hawakushindwa kwa sababu ni nyingi. Ilidaiwa kwa mkupuo siku ambayo hawakuwa nayo. Kwa mwezi hiyo ni 2,500. Serikali yenyewe inajua mchezo huu: kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU ya umeme 2021, watu wakaanza kuilipa elfu moja moja kila mwezi bila kuisikia, wakati zamani hati ya madai ikija mtu anajificha chooni.

#21 Migebuka Mikavu

Nimerudi. Mangi nimempunguza, zimebaki 6,000. Sasa mafungu mangapi yanatosha kuanza?

#22 Mama Dagaa Kibirizi

Hongera mwanangu. Anza na uwezayo kuyataja bila kusoma. Ukianza kujiuliza "la tano lilikuwa nini" basi ni mengi. Kwako weka mawili: Mangi mpaka aishe, na Mbalamwezi. Mbalamwezi ni zuri kuanzia kwa sababu halikai muda mrefu. Unaweka giza hili, unalila wiki mbili baadaye, unaona lilivyokuokoa. Ukianzia na Bati utachoka kabla hujaona hata msumari.

#23 Boda Gungu

Mama na mimi wa bodaboda ya mkataba? Hela yangu inaingia kila siku, sina giza wala mbalamwezi.

#24 Mama Dagaa Kibirizi

Wewe una rahisi na una gumu. Rahisi, kila jioni unagawa. Gumu, kila jioni kuna kijiwe.

Hesabu ya tajiri itoke kwanza, ikae mfuko wa koti wenye zipu, hiyo wala si fungu lako, ni hela ya mtu iliyopanda pikipiki yako. Ya pili ni mafuta ya kesho asubuhi, uyajaze kabla ya kulala, ndani ya tangi hayanyweki bia. Ya tatu iite Tairi na Oili. Muulize fundi wako tairi ya nyuma inakaa miezi mingapi kwa barabara zetu hizi, bei yake ugawe kwa siku za kazi, Jumapili usizihesabu kama hupandi. Ya nne ni nyumbani. Kuna Bima na Leseni pia, hizo zina tarehe zake zimeandikwa, gawa nyuma kutoka tarehe hiyo. Ukinipa bei ya tairi na siku unazofanya kazi nitakupigia hesabu hapahapa.

#25 Boda Gungu

Tairi ya nyuma 65,000 na inakaa kama miezi mitano. Nafanya siku sita kwa wiki. Mkataba umebaki miezi saba.

#26 Hesabu Kali

Niache nimjibu mimi. Miezi mitano ni kama siku 130 za kazi. 65,000 gawa kwa 130 ni 500 kwa siku. Jero. Oili uliza bei unayobadilishia, ongeza juu. Na mkataba ukiisha, endelea kutoa hesabu ileile kila jioni, ila tajiri sasa ni wewe. Usiishushe hata mia.